UZI: Kuchora mbwa wa kupakatwa kwa rangi za maji, kutoka Lubumbashi

Fundi wa Katuba (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, nachora kwa rangi za maji, na kazi ninayoagizwa zaidi siku hizi ni sura za mbwa wadogo, wale wa kupakatwa: Chihuahua, Yorkshire, Maltese, Pekingese, Shih Tzu. Wachoraji wenzangu na wafugaji wananiuliza mambo yanayofanana, nikaona niyaandike mahali pamoja, kwa urefu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mbwa mdogo si mbwa mkubwa aliyepunguzwa. Fuvu lake ni jingine, macho yake yamekaa kwingine, nywele zake zinaanguka kwa namna yake. Ukimchora kwa mazoea ya mbwa wa kulinda lango, utapata mbwa wa kulinda lango aliyesimama mbali. Na rangi za maji ndizo zinazomfaa kuliko rangi za mafuta, nitaeleza kwa nini.

Kuna watu wanaoniambia rangi za maji ni mambo ya Ulaya. Hapana. Mwaka 1926, Bukama, hapa hapa Katanga, afisa wa kikoloni wa Kibelgiji Georges Thiry aliona michoro kwenye kuta za nyumba akamtafuta aliyeichora. Alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe, Antoinette, naye alichora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilitundikwa Brussels, kwenye Palais des Beaux-Arts. Tazameni wanyama wake: mwili mmoja wa rangi, mistari michache, na karatasi nyeupe imeachwa ipumue pande zote. Huo ndio moyo wa kazi ninayoieleza hapa. Tuna karibu miaka mia ya rangi za maji mkoani kwetu, kwa hiyo mtu asishike brashi kwa aibu.

Halafu mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés akafungua karakana yake hapa mjini, wakati huo ukiitwa Élisabethville, ile iliyojulikana kama Hangar. Humo Bela Sara alipaka kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki. Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa vistari vifupi vifupi vilivyokaa karibu karibu, na nitamrudia nikifika kwenye manyoya, maana hakuna aliyenifundisha zaidi yake, ingawa yeye alitumia rangi nzito zaidi.

Sasa mbwa wenyewe. FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa lililoanzishwa 1911 na lenye makao Thuin, Ubelgiji, limewaweka mbwa wa kukaa na watu katika kundi la 9. Humo wamo Chihuahua, Maltese, Pekingese, Shih Tzu, Pug, Papillon na poodle. Lakini Yorkshire yuko kundi la 3 pamoja na terrier wengine, na Pomeranian yuko kundi la 5, la spitz. Wamarekani wamewatia hao wawili kundi moja na wadogo wenzao. Mimi kama mchoraji naupenda mgawanyo wa Thuin kwa sababu unanikumbusha asili. Pomeranian ni jamaa wa mbwa wa nchi za baridi, ndiyo maana ana sufi nzito ndani na nywele ndefu zilizosimama nje. Yorkshire ukoo wake ni wa wakamata panya wa kaskazini mwa Uingereza. Mfunge utepe kichwani utakavyo, jicho lake bado ni la mwindaji, na usipoliweka hilo kwenye karatasi umechora mdoli.

Chihuahua, kwa kanuni ya FCI, anatakiwa awe na kilo 1.5 hadi 3. Kichwa chake ni cha duara kama tufaha, ndivyo kanuni yenyewe inavyosema, na pua fupi inaanza ghafla chini ya paji la uso. Wachoraji wengi wanarefusha pua hiyo bila kujijua kwa sababu mkono umezoea mbwa wa mtaani. Kabla ya kugusa rangi, pima kwa penseli: umbali kati ya macho, kisha umbali wa jicho hadi ncha ya pua. Masikio ni makubwa na yanaangalia pembeni mbwa akiwa ametulia, kisha yanasimama akisikia kitu. Muulize mwenye mbwa anamjua zaidi kwa masikio yapi.

Pomeranian ni mtihani mwingine. Usichukue michoro ya zamani kama kiolezo. Mwingereza Gainsborough alichora Pomeranian na mtoto wake miaka ya 1770, na ukiwaona utadhani ni mbwa wa kuvuta sledi kwenye theluji. Mwaka 1888 Malkia Victoria wa Uingereza alinunua Pomeranian mdogo huko Florence, jina lake Marco, na baada ya hapo watu wakazidi kupenda wadogo. Mbwa unayeletewa leo ni mpira wa nywele wenye uso mdogo wa mbweha katikati. Kwa hiyo anza na uso, acha nywele zijijenge kutoka hapo kwenda nje.

Pekingese alitoka kwenye majumba ya kifalme ya China. Mwaka 1860 askari wa Uingereza na Ufaransa walipopora Kasri la Kiangazi la Beijing, mbwa wachache walichukuliwa, mmoja akapelekwa kwa Victoria, na Friedrich Wilhelm Keyl akamchora mwaka 1861. Nakumbuka jambo hilo kila nikiletewa Pekingese. Uso wake ni bapa kabisa, macho yako mbali, na kivuli kinachotenganisha pua na paji la uso ni chembamba mno. Kikizidi giza kidogo, mbwa anaonekana amekasirika.

Papillon ndiye zawadi kwa mtu wa rangi za maji: masikio mapana yenye nywele ndefu, uso wenye mstari mweupe katikati. Huo mstari usiupake kitu chochote. Ni karatasi.

Naja na sehemu ya macho na manyoya, mniache nile kwanza.

Mama Bel-Air

Fundi, jambo sana. Nina Yorkshire, umri wake umeshapita miaka 4. Nilimpeleka kwa mchoraji mmoja, picha ikarudi na mbwa mweusi kabisa mgongoni kama kaa la moto lililozimika. Nikimwangalia mbwa wangu juani simwoni mweusi. Ni macho yangu au ni mchoraji?

Fundi wa Katuba

Mama, macho yako ni mazima. Yorkshire huzaliwa mweusi na kahawia, halafu akikua nywele za mgongoni zinageuka kuwa buluu ya chuma, iliyoiva, na kichwani na miguuni zinakuwa za dhahabu. Mchoraji akitumia rangi nyeusi ya kwenye kopo, ile buluu inakufa. Mimi nyeusi ya kopo siiweki kabisa kwenye kisahani changu nikichora mbwa. Nachanganya ultramarini, ile buluu iliyokolea, na siena iliyochomwa. Ukizidisha ultramarini unapata kijivu cha baridi, ukizidisha siena unapata hudhurungi ya joto, na katikati unapata giza zito kuliko nyeusi nyingi za dukani. Uzuri wake ni kwamba zikikauka zinajitenga kidogo, chembe za buluu zinalala kwenye vishimo vya karatasi, na nywele zinaonekana zina mng'ao bila wewe kuchora unywele hata mmoja.

Siena iliyochomwa, kwa asiyeijua, ni rangi ya vichuguu vya barabara ya kwenda Kipushi mvua ikishanyesha.

Fundi wa Katuba

Naendelea. MACHO.

Kwa mbwa mdogo macho yanachukua nafasi kubwa ya uso, kwa hiyo yakikosewa hakuna cha kuokoa. Mimi nayachora kwanza, kabla ya nywele yoyote, ili nikiharibu nitupe karatasi mapema. Jicho lenyewe si doa jeusi. Juu kuna kivuli cha kope, hapo ndipo giza linapozidi. Chini, upande ulio mkabala na nukta ya mwanga, jicho linang'aa kidogo kwa rangi ya asali. Nukta ya mwanga yenyewe ni karatasi iliyoachwa. Wengine wanaiziba kwa gundi ya mpira kisha wanaibandua, sawa, lakini gundi inaacha ukingo mkali mno na jicho linakuwa kama kioo. Napendelea kuizunguka kwa brashi yenye ncha nzuri. Na iwe mahali pamoja kwa macho yote mawili, kulingana na dirisha, la sivyo mbwa anakuwa makengeza.

Kwa Maltese na Shih Tzu usisahau ukingo mweusi wa kope. Kwa Maltese hasa, ukingo huo, pua na midomo ndivyo vitu vyeusi pekee usoni, na ndivyo vinavyomshika mbwa asipotee.

MANYOYA. Mjerumani Albrecht Dürer alichora sungura wake mwaka 1502 kwa rangi za maji, kazi iko kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna. Watu wanaitazama wanasema alichora kila unywele. Angalieni vizuri. Kwanza kuna mpako mwepesi wa hudhurungi chini, umefunika mwili wote na kuonyesha misuli. Kisha juu yake ndiyo zikaja nywele, nyeusi na nyeupe, zikibadilisha mwelekeo kila mahali mwili unapogeuka. Mwelekeo ndio siri, idadi haina maana. Mwenze Kibwanga alilijua hilo: vistari vyake vifupi vinafuata bega, vinafuata mbavu, na hakuna mahali unapohesabu.

Basi kwa mbwa mwenye nywele ndefu nafanya hivi. Nalowesha eneo zima, naweka rangi nyepesi, naiacha itembee. Karatasi ikifika mahali ambapo mng'ao wa maji umeondoka lakini bado ni ya baridi ukigusa kwa mgongo wa mkono, naweka rangi nzito zaidi kwenye vivuli: chini ya sikio, chini ya kidevu, kati ya miguu. Hapo kingo zinakuwa laini zenyewe. Baada ya kukauka kabisa, nachukua brashi karibu kavu, natawanya ncha yake kwa vidole na kuvuta mivuto michache tu, pale mwanga unapokutana na kivuli. Kisha naacha. Mivuto ikizidi, mbwa anakuwa kama fagio.

Chihuahua wa nywele fupi hahitaji hata mvuto mmoja wa namna hiyo. Kwake fanya kazi ya mfupa na ngozi: mishipa ya sikio ambalo mwanga unapenya, waridi kidogo, njano ya udongo kidogo. Sikio la Chihuahua dirishani ni jambo zuri kuliko yote ninayoyachora.

Rafiki wa Kampemba

Sipingi ufundi wako ndugu. Lakini naona vibaya. Watu wa kwetu wanatafuta unga, wewe unatumia akili yako kuchora mbwa wa matajiri.

Fundi wa Katuba

Ndugu, nakuelewa na sikuchukii kwa hilo. Unga wa nyumbani kwangu unatoka kwenye hizo picha. Lakini sitaki kuishia hapo, kwa sababu hata zisingeuzwa ningezichora. Wanaoniagiza si matajiri peke yao. Bibi mmoja wa Kamalondo alinitolea kwenye kanga picha ya simu iliyochapishwa, ya kijibwa chake kilichokufa, nusu Maltese na nusu hakuna anayejua, akaniomba nikichore kikiwa kinatazama mlango kama kilivyokuwa kikimsubiri. Alilipa kidogo kidogo. Mtu aliyeishi peke yake na kiumbe kinachompokea kila jioni hafanyi anasa akitaka kukikumbuka. Na Pilipili alichora ndege na samaki maisha yake yote, leo tunamhesabu miongoni mwa wakubwa wa mji huu.

Kijana wa Kadutu

Yaya, salamu kutoka Bukavu. Huku ziwani unyevu ni mwingi, karatasi yangu inajikunja kama chapati na rangi haikauki. Natumia karatasi ya daftari la kuchorea la shule. Nifanyeje?

Fundi wa Katuba

Mdogo wangu, tatizo ni karatasi kabla ya hewa. Daftari la shule limetengenezwa kwa nyuzi za mbao, ni jembamba, na likikaa miaka linageuka njano. Jaribu upate karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, hata kipande kimoja kikubwa ukikate vipande vinne. Mbwa mdogo hahitaji karatasi kubwa. Ukikosa, chukua nzito uliyonayo, iloweshe yote, ibandike kwenye ubao pande nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi, iache ikauke ubaoni. Ikikauka itajivuta iwe bapa, na hutaibandua hadi picha iishe.

Kuhusu kukauka: wewe una bahati ambayo huioni. Unyevu unakupa muda wa kuchanganya kingo laini za manyoya. Sisi huku kiangazi, kuanzia Mei, hewa ni kavu mno, rangi inakauka kabla sijageuza brashi na inaacha mistari mikali. Inanibidi niloweshe karatasi hadi upande wa nyuma. Na vumbi jekundu linaingia kila mahali, kwa hiyo kazi mbichi naifunika kwa sanduku la kadibodi. Mvua ikianza Novemba ndipo nafanya Pomeranian zangu. Wewe ngoja tu tabaka moja likauke kabla ya lingine, na usihifadhi karatasi karibu na ukuta, kuvu itaila.

Mama Bel-Air

Na mbwa mweupe je? Dada yangu ana Maltese. Karatasi nyeupe, mbwa mweupe.

Fundi wa Katuba

Swali hili nililisubiri, mama. Katika rangi za maji nyeupe ni karatasi, hakuna nyingine yenye usafi ule. Kwa hiyo Maltese hachorwi, kinachochorwa ni kilichomzunguka. Weka nyuma yake rangi, kijani cha bustani au ukuta, iende mpaka ukingoni mwa nywele na ipotee mahali pengine ili mbwa asionekane amekatwa kwa mkasi. Ndani ya mwili weka vivuli tu, vyepesi sana. Kwa vivuli hivyo natumia buluu ya kobalti iliyozimuliwa mno, na tone la siena upande unaopokea joto la sakafu.

Buluu hiyo Mfaransa Thénard aliipata mwaka 1802, akiunganisha kobalti na alumini kwa moto. Ni rangi isiyopauka juani. Nasi tunaishi juu ya mkoa ambao kobalti yake inakwenda dunia nzima, halafu tunanunua kijibomba cha rangi hiyo kwa bei ya kuumiza. Kila nikikifungua nalifikiria hilo, na linaniuma kweli.

Nywele za Maltese ni ndefu, za hariri, na hana sufi ya ndani, kwa hiyo zinaning'inia wima hadi chini. Vivuli vifuate mkondo huo, virefu, vichache.

Daktari wa Wanyama, Goma

Naomba niongeze la kitabibu kwa sababu watu wakiona picha nzuri wanakimbilia kununua mbwa. Ukiuziwa mbwa wa "kikombe cha chai", jua kwamba hakuna aina ya namna hiyo, FCI haiitambui wala Wamarekani hawaitambui. Ni jina la wauzaji, na mara nyingi ni mtoto dhaifu au aliyetolewa kwa mama mapema. Watoto wa mbwa hawa wakikaa muda mrefu bila kula, sukari ya damu inashuka hadi wanazimia. Pia ya goti inateguka kwa urahisi. Meno yanabanana. Bomba la hewa ni laini, kwa hiyo tumieni mkanda wa kifuani, msiwafunge shingoni. Wenye uso bapa, Pekingese na Pug, wasitembezwe saa sita mchana. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima hata kama halali nje, pamoja na kumkagua kupe.

Fundi wa Katuba

Asante sana daktari. Hilo la uso bapa linanihusu hata mimi. Mteja akiniletea Pug na kutaka akae juani achorwe, nakataa. Nafanya asubuhi, kivulini, na nyingi nafanya kwa picha ya simu.

Kijana wa Himbi

Mzee, mimi niko Goma na Chihuahua wa mama yangu. Nikutumie picha ya namna gani? Nilizonazo pua inaonekana kubwa kuliko kichwa.

Fundi wa Katuba

Hiyo ni kwa sababu ulisogeza simu usoni mwake. Simu ikiwa karibu inakuza kilicho mbele. Rudi nyuma hatua mbili tatu, kisha vuta picha karibu kwa simu. Lala sakafuni, simu iwe usawa wa macho yake, maana ukimpiga kutoka juu utapata kichwa kikubwa chenye miguu ya mdudu. Weka mbwa kando ya dirisha, zima taa ya simu kwa sababu inageuza macho kuwa ya kijani na kufuta kivuli chote ninachokihitaji. Nitumie kadhaa: uso mbele, uso pembeni, na moja ambayo mkono wa mama yako umo. Hiyo ya mkono ndiyo itakayonionyesha udogo wake, na mara nyingi nauacha mkono huo kwenye picha. Bila kitu cha kulinganisha, Chihuahua wa kilo 2 kwenye karatasi anaweza kuonekana mbwa wa ukubwa wowote.

Niambie pia tabia yake. Anainua mguu mmoja akisubiri? Sikio moja linaanguka? Hayo hayako kwenye kanuni ya FCI, ila mama yako atamtambua kwa hayo.

Picha ikiisha siikunji wala kuiviringisha. Nitaituma bapa kati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya nailoni. Ukiipeleka kwa fundi wa fremu, mwambie aweke kadibodi yenye dirisha kati ya karatasi na kioo, visigusane, la sivyo unyevu wa Goma utaibandika picha kwenye kioo. Isikae ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Kijana wa Himbi

Sikio la kushoto linaanguka. Nazipiga kesho asubuhi.

Fundi wa Katuba

Vizuri. Dirisha liwe upande wa sikio hilo.